SAGE, PDM au pesa za kikundi: ipi inaongeza kipato cha kaya ya kijijini?

Chukua kaya moja ya Uganda, katika wilaya ya Nebbi, Katakwi au Kyenjojo: bibi mwenye miaka 81, mwanawe mwenye ekari moja na nusu, mkamwana anayeuza nyanya gulioni, na mjukuu wa miaka 22 aliyeishia S4 (kidato cha nne). Watu hawa wanne, chini ya paa moja, wanaweza kuomba pesa za serikali kwa njia nne. Bibi ana SAGE, pesa ya kila mwezi ya wazee. Kaya ina PDM, mkopo wa serikali unaopitia parishi, yaani ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji. Mkamwana anaweza kuingia kikundi cha UWEP, mpango wa mikopo ya wanawake, na kijana kikundi cha YLP, mpango wa mikopo ya vijana. Kila afisa anayepita kijijini husifu mpango wake, na mara nyingi kaya huishia kuchukua ule uliofika kwanza.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya walio katikati ya uamuzi huo, na kwa wenyeviti wa LC1 (halmashauri ya kijiji) na wa vikundi wanaoulizwa kila siku. Tunachotaka kishikwe ni hiki: pesa kubwa kuliko zote si lazima iwe ndiyo itakayoongeza kipato. Kinachoamua ni kalenda, yaani siku pesa inapoingia, siku mradi unapoanza kuzaa, na siku deni linapodaiwa. Tarehe hizo tatu zisipopatana, shilingi milioni moja inaweza kuiacha kaya katika hali mbaya kuliko ile iliyokuwa nayo.

Vipimo

Kwanza, je, pesa hairudishwi au ni mkopo? Wapo wengi wanaodhani PDM ni zawadi, sivyo. Pili, inaingia kidogo kidogo au kwa mkupuo? Pesa ya kidogo kidogo huzuia kaya isiuze mali yake, ya mkupuo hununua mali. Tatu, kalenda tuliyoitaja. Nne, nani anaamua matumizi: mtu mmoja, kaya nzima au kikundi? Tano, inagharimu kiasi gani kuipata, kuanzia nauli ya boda boda hadi siku za kazi zinazopotea kwenye mikutano.

Na neno moja kuhusu kipato chenyewe. Pesa iliyoingia kwenye simu bado si kipato. Kipato ni kinachobaki baada ya kutoa gharama za mradi na deni. Kaya iliyopokea milioni moja, ikapata faida ya laki tatu na kulipa riba ya laki moja na elfu ishirini, imeongeza kipato kwa laki moja na elfu themanini. Hesabu zote hapa chini zifuate njia hiyo.

SAGE, pesa za wazee

Kiasi na masharti. Mpango huu ulianza mwaka 2010 kwa majaribio katika wilaya chache, umri ukiwa miaka 65 na kuendelea, na katika eneo kame la Karamoja, kaskazini mashariki, miaka 60. Ulipopanuliwa nchi nzima, umri wa kuandikishwa uliwekwa miaka 80. Mzee hupata shilingi 25,000 kwa mwezi, sawa na 300,000 kwa mwaka. Kwa kawaida malipo ya miezi kadhaa hutolewa pamoja kupitia PostBank. Hairudishwi. Ni haki ya mtu binafsi kwa umri wake, wala si ya kaya.

Inavyogusa kipato. Kiasi ni kidogo, na kwa miaka mingi hakijapanda huku bei za sabuni na unga wa posho zikipanda. Lakini ukiitazama SAGE kama pesa ya kula tu utakosa kazi yake kubwa. Kaya maskini hupoteza kipato kingi zaidi katika miezi ya njaa kabla ya mavuno. Hapo ndipo baba huuza mahindi yakiwa bado shambani kwa nusu ya bei, na vijana huenda kufanya leja leja, yaani kibarua, kwenye shamba la mwingine katika juma lile lile ambalo shamba lao linahitaji palizi. Mahindi yasipopaliliwa katika wiki mbili hadi tatu za kwanza baada ya kuota, mavuno hushuka vibaya, na mbolea ya baadaye haiwezi kuyarudisha. Shilingi 75,000 za miezi mitatu zikifika wakati huo hununua chakula cha kuwabakiza vijana nyumbani wapalilie shamba lao, na ziada ya magunia wakati wa mavuno inaweza kuzidi pesa yenyewe ya SAGE.

Njia ya pili ni kikundi cha kuweka na kukopa. Mzee anayeweka 10,000 kila mwezi hufikisha 120,000 wakati wa mgao wa Desemba, bila kuhesabu faida ya kikundi. Wazee wengi hununulia wajukuu mbuzi kwa njia hii, na tunaiona kuwa matumizi bora kuliko kuikusanya ndani ya kitambaa.

Inapokwama. Tatizo kubwa ni tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa. Mzee wa miaka 83 ambaye kitambulisho kinamwonyesha ana 71 hatalipwa hadi NIRA, mamlaka ya vitambulisho, warekebishe, na marekebisho yanahitaji ushahidi kama cheti cha ubatizo au hati nyingine ya zamani, pamoja na safari za wilayani. Anzeni mapema, mzee akiwa bado anaweza kusafiri. Alama za vidole za watu walioshika jembe miaka sitini mara nyingi hukataa kusomeka, na mzee aliye kitandani hawezi kufika kituoni. Kwa hiyo andikisheni mapema mtu wa kumpokelea, ambaye familia nzima inamwamini. Malipo yakichelewa, malimbikizo hulipwa baadaye, hivyo mzee asikatwe na dalali anayejitolea kumlipa sasa. Na kwa kuwa malipo hukoma mzee anapofariki, kaya isikope kwa kutegemea SAGE.

Inamfaa nani. Kaya yenye mzee aliyefikisha umri haina sababu ya kusita. Lililo la kuchagua ni matumizi yake tu.

PDM, milioni moja ya parishi

Kiasi na masharti. Mpango ulizinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka wa fedha, zinazopitia SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya parishi, na kaya hukopa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Katika masharti ya mwanzo mkopo unarudishwa ndani ya miaka miwili. Ukihesabu riba ya 60,000 kila mwaka, unarudisha 1,120,000. Ukizigawa kwa miezi 24 ni kama 47,000 kwa mwezi, karibu mara mbili ya SAGE. Hiyo ndiyo namba ya kuwaza kabla ya kuweka sahihi.

Hesabu nyingine watu huisahau. Milioni 100 ni kaya 100 kwa mwaka. Parishi yenye kaya maskini 800 itachukua miaka minane kuzifikia zote, isipokuwa waliotangulia warudishe. Asiyelipa anakaa na pesa ya jirani yake.

Hatua za kuomba. Unaingia kikundi cha wazalishaji wa zao au mfugo mmoja kijijini kwako. Kikundi kinakuwa mwanachama wa SACCO ya PDM. Chifu wa parishi anahakikisha kaya yako imeandikishwa kwenye mfumo wa takwimu wa PDM. Unaandika mpango mfupi wa mradi, kamati ya mikopo inaupitia, na pesa inaingia kwenye akaunti ya Wendi, huduma ya pesa ya PostBank, kwenye simu. Mume na mke wote wajue kiasi na wakubaliane juu ya mradi kabla pesa haijaingia. Mradi ambao mmoja anausikia kwa majirani hufa haraka.

Inavyogusa kipato. Hapa ndipo kalenda inapofanya kazi yake yote, kwa hiyo tuipitie miradi mmoja mmoja.

Maharage hukomaa kwa siku 75 hadi 90. Ekari moja ya mbegu kubwa huhitaji kilo 30 hadi 40. Pesa ikiingia Februari au mapema Agosti, katika maeneo yenye misimu miwili, unaweza kupanda mara nne ndani ya miaka miwili. Hatari ni mvua, na kuuza siku ya mavuno wakati kila mtu anauza. Mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa huua fukusi bila dawa, na humwezesha mkulima kungoja bei miezi miwili au mitatu.

Kuku wa nyama hufikia kuuzwa kwa wiki sita hivi. Vifaranga 100 hula kilo 350 hadi 400 za chakula katika muda huo, yaani gunia saba au nane za kilo 50, na chakula peke yake huchukua karibu theluthi mbili ya gharama zote. Kosa linalorudiwa ni kujenga banda zuri, kununua vifaranga 200, kisha pesa ya chakula kuisha wiki ya nne. Kuku hudumaa, wiki nane zinafika hawajauzika, na mtaji umekwisha. Ni afadhali vifaranga 80, banda la miti na nyavu, chakula chote kikiwa kimetengewa pesa siku ya kwanza, na mnunuzi akiwa amepatikana kabla ya wiki ya tano. Usipokuwa na jiko la kuwapa joto wiki tatu za kwanza, usianze kabisa.

Nguruwe huvutia kwa sababu huzaa wengi, lakini soma miezi. Ukinunua wadogo wa miezi mitatu, wanapandishwa wakiwa na miezi minane hivi. Mimba ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Vitoto vinaachishwa kunyonya baada ya karibu miezi miwili. Pesa ya kwanza basi inakuja mwezi wa kumi na moja au baadaye, na muda wote huo wamekula. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na mfugaji hapa kwetu hana chanjo ya kuitegemea. Ikiingia humaliza banda zima kwa siku chache. Fungia nguruwe, usiazime dume la kijiji kizima, usiwalishe mabaki ya nyama ya nguruwe, na usiruhusu wanunuzi kuingia bandani na viatu vyao.

Mbuzi ni wa polepole lakini hawali mtaji. Mimba ni miezi mitano. Nunua majike waliokwisha kuzaa mara moja, si wadogo, ili mwaka mzima usipotee.

Kahawa ndiyo yenye utajiri wa muda mrefu, na ndiyo isiyolingana na deni la miaka miwili. Ekari moja ya robusta huchukua miche 450 hivi, na mavuno ya maana huanza mwaka wa tatu. Anayeweka milioni yote kwenye kahawa atadaiwa kabla ya kuvuna. Anayeweka laki mbili au tatu kwenye miche, akapanda maharage katikati ya mistari, na iliyobaki akaiweka kwenye kitu kinachozunguka haraka, atalipa deni na bado atabaki na kahawa.

Inapokwama. Pesa huweza kufika Mei, mvua za kupandia zimekwisha. Usinunue mbegu kwa sababu tu ulizitaja kwenye mpango. Ongea na kamati, iache pesa kwenye Wendi hadi msimu ujao, au badilisha mradi kwa maandishi. Karamoja, yenye msimu mmoja tu, kukosea mwezi ni kupoteza mwaka mzima. Jambo lingine ni bei: kaya mia moja za parishi moja zikipokea milioni kwa juma moja na zote zikataka nguruwe, bei ya vitoto hupanda pale pale, na mwaka mmoja baadaye bei ya kuuzia huanguka kwa sababu ile ile. Tazama majirani wanachagua nini, kisha fikiria kitu watakachohitaji kununua. Na anayekuomba chai ili jina lako lipite anakukata mtaji ambao wewe utaulipia riba. Chukua milioni kamili au upeleke malalamiko wilayani.

Inamfaa nani. Kaya yenye nguvu kazi, ardhi hata kidogo, na chakula cha kutosha miezi mitatu bila kugusa mkopo. Kaya inayolala njaa itakula mtaji, na haistahili lawama kwa hilo. Ilihitaji msaada wa aina nyingine kwanza.

Pesa za kikundi: UWEP, YLP na ruzuku maalumu

Kiasi na masharti. UWEP ni ya wanawake wa miaka 18 hadi 65, YLP ya vijana wa miaka 18 hadi 30. Kikundi huwa na watu 10 hadi 15, na kwa kawaida hukopeshwa hadi milioni 12.5. Kinachorudishwa ndani ya miezi 12 hakina riba. Baada ya hapo asilimia 5 kwa mwaka. Ombi hupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, ngazi iliyo juu ya parishi. Muulize kwanza kama fedha zipo mwaka huu, kabla hamjatumia pesa kwa mikutano na nakala za karatasi. Kando ya hizo kuna SEGOP, ruzuku ya miradi ya wazee wa miaka 60 hadi 79, na ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu, kila moja hadi milioni 5 kwa kikundi. Hizi mbili si mikopo.

Inavyogusa kipato. Ushahidi bora tulionao Uganda kuhusu pesa za serikali unatoka kwenye mpango wa kaskazini uliokuwa chini ya NUSAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya kaskazini mwa Uganda, uliowapa ruzuku vikundi vya vijana kuanzia 2008, wastani wa kama dola 382 kwa kila mmoja. Watafiti walilinganisha vikundi vilivyopewa na vilivyokosa kwa bahati nasibu. Wengi walitumia pesa kujifunza ufundi na kununua zana: cherehani, vifaa vya useremala, vya kuchomelea. Miaka minne baadaye mapato yao yalikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko ya waliokosa. Miaka tisa baadaye waliokosa walikuwa wamewafikia kwa mapato, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi. Fundisho lake kwa mwombaji wa leo ni kwamba ufundi na zana huleta kipato mapema. Fundi cherehani aliyeanza miaka mitano kabla ya mwenzake amesomesha watoto miaka mitano zaidi.

Inapokwama. Vijana wale waliomba pamoja, lakini kwa kiasi kikubwa kila mmoja alifanya kazi yake. Vikundi vinavyonunua mashine moja ya watu wote hupatwa na lawama: nani analala nayo, nani aliiharibu, nani hulipa mafuta. Hesabu ya deni ni kali pia. Wanawake 12 wakikopa milioni 9.6 na kuamua kulipa kwa miezi 12, ni 800,000 kwa mwezi, chini kidogo ya 67,000 kwa kila mmoja. Wanne wakiacha kulipa, wanane waliobaki wanabeba 100,000 kila mmoja. Kikundi kilichoundwa juma lile pesa zilipotangazwa hakiwezi kubeba hilo. Kikundi kilichokwisha kuweka akiba pamoja kwa mwaka mzima kinaweza, kwa sababu kinajua nani hulipa.

Inamfaa nani. Kijana asiye na ardhi lakini mwenye ufundi, au mwanamke mfanyabiashara aliye tayari katika kikundi kinachokutana kila wiki. Wazee wa miaka 60 hadi 79 waanze na SEGOP kabla ya mkopo wowote. Hata hivyo kikundi cha wazee kumi kikipata milioni tano ni laki tano kwa mmoja, kwa hiyo mradi uwe mwepesi kwa mikono: kuku wa kienyeji, duka dogo, mbuzi.

Uchague vipi, kulingana na hali yako

Kama nyumba ina mzee aliyefikisha umri na vijana wenye nguvu, acheni SAGE igharimie chakula na palizi, kisha chukueni PDM kwa mradi wa muda mfupi. Mchanganyiko huu tunaupenda kuliko mwingine wote, kwa sababu SAGE inaulinda mtaji usiliwe.

Kama mna ardhi lakini hamna chakula cha kufika mavuno, ahirisheni PDM msimu mmoja. Limeni, wekeni akiba hata ya 2,000 kwa wiki kwenye kikundi, kisha ombeni pesa iingie mwezi mmoja kabla ya mvua.

Mwanamke anayefanya biashara ya sokoni hazungushi pesa kwa miezi 12. Huizungusha kila wiki. Mkopo wa UWEP usio na riba, ukirudishwa ndani ya mwaka, ni rahisi kuliko PDM kwake, mradi wenzake wawe wa kuaminika. Asipowaamini, afadhali PDM, ambayo mradi wake anauendesha mwenyewe.

Kijana asiye na ardhi atafute kwanza ufundi, hata kwa miezi sita kwa fundi wa mtaa, ndipo aombe pesa ya zana. Kumkopesha milioni ya ufugaji kijana asiye na pa kufugia ni kumnunulia deni.

Mjane anayelea watoto wadogo peke yake, bila mtu wa kushika jembe, aepuke kuku wa nyama na nguruwe, wanaodai mtu wa kuwaangalia mchana kutwa. Mbuzi wawili na maharage vinamfaa, na akope laki tano tu. Hakuna sharti la kuchukua milioni yote.

Na kwa aliyekwisha kukopa PDM, mradi ukafa: nenda kwa kamati ya SACCO ndani ya juma hilo, si siku ya kudaiwa. Beba barua ya daktari wa mifugo au ya mwenyekiti wa LC1 inayoeleza kilichotokea, omba ratiba mpya ya malipo kwa maandishi, na anza kulipa kiasi kidogo kila mwezi, hata 10,000, huku ukitunza risiti zote. Ukipata mtaji tena, ulizia bima ya kilimo, ambayo serikali imekuwa ikichangia sehemu ya malipo yake tangu 2016, kabla ya kununua mnyama wa kwanza.